Nilivyonunua mbegu za ukoka, mama akanicheka

Mama alipoiona risiti alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mwanangu, umenunua ukoka? Kwa pesa?"

Mama amelima Muheza tangu mimi nikiwa mgongoni. Ukoka ameung'oa, ameuanika juani, ameuchoma moto, na mvua zikirudi nao umerudi. Leo binti yake wa Dar es Salaam anakuja na kilo 1 ya mbegu zake, kwenye pakiti yenye picha ya uwanja wa mpira. Ningekuwa yeye ningecheka pia.

Lakini kuufikia ule ukoka kulinigharimu msimu mzima na bili ya maji ambayo mume wangu bado anaitaja.

Tulihamia Kigamboni Oktoba. Mbele ya nyumba palikuwa na mchanga mweupe, vipande vya tofali na misumari ya mafundi. Shemeji yangu anayeishi Birmingham, Uingereza, alikuja likizo na kasha la mbegu za nyasi kama zawadi. (Siku hizo hakuna kati yetu aliyejua kwamba mbegu za kutoka nje zinatakiwa kuwa na kibali. Msiige.) Juu ya kasha paliandikwa kwamba zinafaa juani na kivulini. Nikaona nimepata.

Nilizimwaga Novemba, vuli ikinyesha. Siku ya sita zikachomoza, nyororo, za kijani kibichi. Nilizipiga picha nyingi kuliko nilizompiga mwanangu wa kwanza. Januari zikaanza kugeuka njano kutokea pembezoni. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji kila jioni. Kumbe majani yaliyolala na maji usiku kucha kwenye joto lile yalikuwa yanafuga ukungu. Katikati ya Februari nilibaki na mchanga wangu.

Hapo ndipo nilipoligeuza kasha na kusoma maandishi madogo ya nyuma: Lolium perenne na Festuca rubra. Ni nyasi nzuri sana, kwao. Zinastawi kwenye nyuzi joto 15 hadi 24 hivi. Kigamboni mwezi Januari mchana unapita 30, na usiku wenyewe haushuki sana chini ya 25. Jua na kivuli vilivyotajwa juu ya kasha vilikuwa vya Uingereza.

Rafiki yangu wa Arusha akanishauri nyasi za kikuyu, kwa sababu kwake zimekuwa kama godoro. Nazo ni za nyanda za juu, asili yake ni milima ya huku kwetu Afrika Mashariki, zinapenda baridi. Nilichojifunza njiani ni kwamba mbegu yake hukaa imejificha ndani ya ala ya jani, ndiyo maana wataalamu waliipa jina clandestinum, yaani ya siri. Sikuinunua, lakini habari hiyo imenifaa kwenye mazungumzo.

Muuza maua wa barabarani yeye alikuwa na jibu moja tu. "Dada, nyasi hazipandwi kwa mbegu. Chukua pemba, viroba 20, kesho nakuja kukupandia." Kuhusu nyasi hizo za pemba alisema kweli: huenea kwa vipandikizi, mbegu zake huzipati dukani. Jani pana, inavumilia kivuli na chumvi ya pwani. Ila viroba 20 pamoja na ufundi vilikuwa vinakaribia bei ya geti letu.

Nikarudi nyumbani, nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Oktoba. Nilikaa barazani Jumamosi nzima na daftari, nikiandika jua linapiga wapi saa ngapi. Upande wa mbele, kama mita 12 kwa 10, unapata jua tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Upande wa jikoni, chini ya mwembe, haupati jua hata kwa muda wa saa tatu. Halafu nikayaonja maji ya kisima. Yana chumvi, si ya kutisha, lakini chai yake haipendezi.

Kwa ule upande wa mbele, karibu kila nilichosoma kilinirudisha kwenye Cynodon dactylon, ambayo wauzaji wanaiita Bermuda. Ni ukoka. Aina za pakitini zimechaguliwa kwa jani jembamba, lakini ukoo ni uleule wa shambani kwa mama. Inapenda joto, inataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, na ikishakomaa inavumilia maji ya chumvichumvi. Ikiwa changa haiyawezi, kwa hiyo nikaamua kungoja masika mvua inioteshee.

Dukani nilikuta pakiti mbili. Moja ilikuwa rahisi kwa kilo, mbegu zimepakwa rangi ya kijani. Nikauliza ile rangi ni nini. Ni kiganda cha kusaidia kushika unyevu, na kinaweza kufika nusu ya uzito wa pakiti. Yaani kilo 1 ile huenda ina nusu kilo tu ya mbegu. Nyingine mbegu zake hazikupakwa kitu, zimemenywa ganda, na ina tarehe ya kupimwa uotaji. Nikachukua kidogo kidogo za kila aina, nikahesabu punje 100 za kila pakiti (kazi ya kuumiza macho, ukoka una mbegu kama vumbi), nikazifunga kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki. Baada ya siku 12 za rangi zilikuwa zimeota 31, zilizomenywa 84. Nikarudi kununua.

Kabla ya kupanda nililetewa lori la udongo mweusi. Nilitaka kumwaga mbegu siku ileile, ila mama, akiwa bado ananicheka, akasema kwa simu: "Umwagilie kwanza uone kilichomo." Ndani ya wiki mbili kilichomo kilijionyesha, nacho ni ndago, gugu lenye viazi vidogo ardhini. Tulichimba vile viazi vyake kimoja kimoja. Ningepanda juu yake, ningeshindwa hata kutofautisha ndago na ukoka.

Mwanzoni mwa Aprili nikachanganya kilo 1 na ndoo ya mchanga mkavu ili nione zinapoangukia, nusu nikazimwaga kwa urefu, nusu kwa upana. Nikapitisha reki kwa juu juu tu, maana zikifukiwa kina haziibuki. Kisha nikawaita watoto wa mtaani wakanyage kila mahali kwa kandambili. Hiyo ndiyo sehemu iliyokwenda vizuri kuliko zote.

Usiku wa tatu mvua ikapiga. Asubuhi karibu robo ya mbegu zangu zilikuwa zimekusanyika pembeni ya geti. Pale zikaota zulia nene lisilopitisha kidole, na katikati ya uwanja kukabaki upara. Sisimizi nao walibeba haki yao. Nilirudishia mara mbili, safari hii nikitandaza nyasi kavu kwa juu, na kufikia Julai pakawa pamefunikwa.

Chini ya mwembe nilipanda pemba. Jirani alinipa nusu kiroba bure. Nikavikata vipande vyenye vifundo viwili vitatu, nikavichomeka kwa nafasi ya shibiri. Zinakwenda polepole, ila zinakwenda.

Mama alikuja Septemba. Alivua viatu, akatembea uwanja mzima kimya, akakaa hata chini. Mume wangu akanikonyeza. Kisha mama akainuka, akaenda kwenye tuta langu la mchicha kando ya ukuta, akainama na kuvuta kamba ndefu ya kijani iliyokuwa imepita chini ya matofali.

"Haya," akasema, akinikabidhi. "Wa kwanza huu."