Sebule yetu na pipa la chokaa

Shaabani ya mwaka ule tuliamua kuitengeneza sebule ya nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Unguja, huku watoto wakiendelea kula, kudurusu na kulala humo humo, kwa kuwa hatukuwa na chumba kingine cha kuwahamishia. Ukuta wa upande wa uchochoroni ulikuwa umepigwa lipu ya saruji zamani, kabla hatujahamia. Nyumba za huku zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nene hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa taratibu. Zikifunikwa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya ndani, na lipu hufura hadi ikabanduka. Yetu ilikuwa ikiangukia madaftari ya watoto.

Fundi tuliyemwita alikuwa mtu mzima, na nyumba nzima ikimwita Babu. Aligongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, hapa tubandue yote, turudishe chokaa. Lakini usinihimize." Nilitaka sana kumaliza kabla ya mfungo, kwa hiyo maneno yale yalinitia wasiwasi.

Kumbe ule utaratibu wa chokaa ndio uliotufaa. Saruji ikishachanganywa haimngoji mtu, ilhali chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, ikikaa pipani chini ya maji, haiharibiki, na kila tabaka la lipu yake ni jembamba na hutaka siku kadhaa kabla ya kuongezwa jingine. Babu alifika watoto wakishakwenda skuli, akapiga sehemu yake, na adhuhuri alikuwa ameshaondoka. Tukapiga deki, tukatandika mkeka, tukala. Jioni, watoto wakirudi kutoka chuo cha Kurani, walichovya fagio la chelewa ndooni na kuunyunyizia ukuta maji ili usikauke kwa pupa. Kazi hiyo waliigombania.

Mama mkwe wangu, naye, alikuwa akisuka mkeka mpya wa sebule hiyo. Ukindu aliuchemsha kwa rangi nyekundu na ya zambarau, akauanika juani, na kila alipotaka kusuka aliulowesha kwanza ili chane zisikatike. Nilipenda kuvitazama vidole vyake: chane moja ikipita juu, nyingine chini, ukili, yaani ule ukanda unaosukwa, ukirefuka mapajani pake, naye akimsikiliza mjukuu akisoma bila kuinua macho isipokuwa palipokosewa. Sufuria ikichemka aliuweka chini, akaenda jikoni, akarudi kuuendeleza pale pale alipouachia. Mimi niliziunganisha kili hizo kwa sindano usiku, watoto wakishalala.

Mtoto wetu wa mwisho alipopata homa, nilimwomba Babu apumzike mpaka apone. "Muuguze mtoto, chokaa ipo," alinijibu, na Mama akahamishia ukili wake kando ya kitanda. Nasema kwa yakini kwamba kazi isiyoweza kusimama kwa ajili ya mtoto mgonjwa haikufaa kuingizwa katika nyumba yetu.

Mwezi ulipoandama, ukuta ulikuwa mzima lakini haujapakwa nyeupe. Tulifuturu mbele yake Ramadhani nzima, juu ya mkeka mpya, nami sikuona upungufu wowote. Rangi ya chokaa ilipakwa baada ya Idi, na pipa lililobaki likavushwa kwa jirani, ambaye ukuta wake ulikuwa na maradhi yale yale.