Nilivyorambaza Ziwa Tanganyika kwa kijiko cha chai

Mimi ni mtoto wa Tabora. Migebuka na dagaa nimewala tangu utotoni, lakini walinifikia kwa treni, wamekauka, wako ndani ya gunia. Nilipohamishiwa Kigoma kikazi nikajiapiza kwamba safari hii samaki nitamtoa majini mwenyewe, tena kwa kurambaza: boti inatembea polepole, mshipi unaburutwa nyuma.

Kosa langu lilianzia kwenye simu. Nilikesha nikitazama video za wavuvi wa maziwa makubwa ya Marekani wanaorambaza samoni na trauti wakati wa joto lao. Kule jua likishapasha maji ya juu, samaki hao hushuka kufuata baridi, na wavuvi huteremsha chambo kwa vyuma vizito hadi kwenye tabaka wanalolitaka. Nikasema vizuri, ziwa letu lina kina cha mita 1,470, duniani linashindwa na Baikal tu. Wakubwa watakuwa huko chini.

Septemba 2024, ziwa likiwa limeshafunguliwa baada ya mapumziko ya 15 Mei hadi 15 Agosti, nikakata leseni, nikakodi boti ya mzee mmoja wa Katonga na kuteremsha mshipi hadi ukakaribia kuisha. Siku mbili nzima. Hata kuguswa sikuguswa.

Siku ya kwanza mzee alinyamaza. Ya pili akaniuliza, "Mwanangu, huko chini umemwacha nani?"

Nikamweleza habari ya baridi. Alicheka hadi akaachia usukani. Akasema yeye amezaliwa mwaloni, pale boti za uvuvi zinapofikia, na huko ninakotafuta hakuna kinachopumua. Baadaye nilisoma nikakuta mzee hakukosea: upande huu wa Kigoma, ukishapita kiasi cha mita 100 hewa ya oksijeni ndani ya maji inakwisha. Na hiyo baridi niliyokuwa naifukuza haipo. Maji ya chini kabisa yana nyuzi 23 hivi, ya juu yanazidi kwa nyuzi chache tu. Mgebuka hana baridi ya kukimbilia. Yeye anamfuata dagaa, na dagaa hupanda usiku na kushuka kukipambazuka.

Basi tukaanza upya, tukifuata kalenda ya wavuvi wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa hao hubaki nyumbani, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa. Kwenye giza wanaingia ziwani, nasi tukatoka saa kumi na moja alfajiri ili tukutane nao wakirudi. Mzee aliwapigia kelele kwa mbali, "Vijana, mmewaacha wapi?" Wakanyoosha mkono. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu, bila mashine yoyote ya kusoma maji.

Mwendo ndio ulionitesa kuliko yote. Mashine yetu ya farasi 15, hata ukiipunguza hadi inakohoa, bado inakwenda mbio mno. Chambo kinazunguka kama pangaboi na mshipi unajisokota. Mzee akachukua ndoo ya plastiki, akaitoboa matundu kwa msumari wa moto, akaifunga kamba na kuitupa nyuma. Boti ikatulia ikawa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Chambo chenyewe kilikuwa kijiko cha chai: nilikata mkia, nikatoboa tundu kila upande, mbele mshipi, nyuma ndoano. Kikiburutwa taratibu kinayumba na kumeta kama dagaa aliyejeruhiwa.

Kina nilikipima hivi. Nilifunga uzi mwekundu kwenye mshipi kila baada ya pima tano, pima moja ikiwa urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kisha tukaburuta kuelekea ufukwe wa mchanga, ndoo ikiwa majini, hadi chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, likagusa chini, nikashusha kamba yenye jiwe nihesabu. Pima thelathini zikiwa nje, chubwi langu la nusu kilo lilikuwa linazama pima tisa tu! Mimi nilidhani ishirini.

Halafu mzee akaanza kukata kona. Nilifikiri amechoka, kumbe anauliza maji. Boti ikipinda, mshipi wa upande wa ndani unalegea na kuzama. Wa nje unaharakishwa na kupanda. Tulikuwa na mishipi miwili. Wa kwanza kuvutwa ulikuwa wa ndani, na kona iliyofuata ukavutwa tena uleule. Tukajua wako chini zaidi, tukaachia pima kumi za ziada, ndipo tukaanza kuvuta migebuka hata boti ikienda moja kwa moja. Kufika saa tatu asubuhi tulikuwa nao kumi na mmoja.

Tukirudi, tukipita karibu na miamba ya Bangwe, mshipi ukakazwa kwa namna nyingine, mzito, wa ubishi. Kuhe! Ni wa ukoo wa sato na perege, ila katika ukoo huo hakuna anayemzidi ukubwa. Aliniuma vidole kwa mshipi kabla sijamwona. Mzee alinionya kwamba tukikuta kuhe wawili wamesimama juu ya wingu la vifaranga tunaondoa mishipi, kwa kuwa baba na mama hulinda watoto pamoja. Huyu alikuwa peke yake, kwa hiyo alikwenda na mimi.

Saa nne upepo wa kusini ulianza kuchana maji meupe. Mzee hakubishana nao, nami nilishavaa jaketi la kuokolea tangu mwaloni.

Kuhe tulimla kwa mawese na ugali wa muhogo. Tangu siku hiyo nimepoteza vijiko vinne kwenye miamba, na mke wangu sasa anavihesabu kila Jumamosi jioni kabla sijalala.