Kupenyeza mwalo mpya kwenye dunia ya mchezo iliyokwisha kuandikwa

Forgotten Realms, dunia ambayo Ed Greenwood alianza kuibuni miaka ya 1960 na ikatolewa rasmi kwa wachezaji wa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons mwaka 1987, imejaa hadi pembeni. Anayetaka kuiongezea kitu leo hushikwa na tamaa ya kuchora bara jipya au kumtawaza mfalme ambaye hajasikika. Ni kazi bure: wachezaji hawataenda huko. Kinachopungua kwenye ramani za zamani ni riziki. Watu wanakula nini, nani anamdai nani, na ni usiku upi kijiji kinabaki bila wanaume. Kwa hilo, aliyekaa Mwanza akaijua Kirumba Mwaloni, soko la samaki na dagaa kando ya ziwa, ana mtaji ambao mwandishi wa mbali hana.

Tuchukue Moonsea, ziwa la maji baridi la kaskazini mwa Faerûn, bara kuu la dunia hiyo. Kwenye ufuo wake wa juu, kati ya miji ya Melvaunt na Thentia, kambi ya wavuvi wa dagaa yenye watu 200 inaenea bila kumsogeza mtu yeyote. Usianze na historia ya kambi. Anza na kalenda.

Mwaka wa Faerûn una miezi 12 ya siku 30, na siku 5 za sikukuu zisizohesabiwa ndani ya mwezi wowote. Kila mwaka wa nne huongezwa ya sita. Selûne, mwezi wa angani, hukamilisha mizunguko 48 katika miaka hiyo minne. Gawanya siku 1,461 kwa 48, unapata siku 30 na karibu nusu. Kwa hiyo mbalamwezi huangukia karibu na tarehe mosi ya kila mwezi, mwaka nenda mwaka rudi, na giza huangukia katikati. Mvuvi wa dagaa ameshajua tunakoelekea: taa haivuti dagaa penye mbalamwezi. Kati ya tarehe 8 na 22 mitumbwi inalala ziwani. Siku zinazobaki nyavu zinashonwa, madeni yanadaiwa, pombe inanywewa. Kundi la wachezaji likifika tarehe 15 usiku litawakuta akina mama, watoto na chanja za kuanikia. Likifika tarehe 2 litakuta ngumi. Umeandika kambi moja, umepata mbili.

Sasa fedha, na hapa ndipo wengi huandika ovyo. Kwa kanuni za toleo la tano, fanusi yenye kifuniko huangaza vizuri futi 30 na kwa mwanga hafifu futi 30 nyingine, na chupa moja ya mafuta huiwasha saa 6. Usiku wa saa 12 ni chupa mbili kwa taa. Mtumbwi wenye taa tatu unachoma chupa sita, na kila chupa ni sarafu moja ya fedha. Kibarua asiye na ujuzi hulipwa sarafu mbili kwa siku, hivyo wavuvi wanne ni nane. Mafuta sita, mishahara nane! Kwa giza la usiku 15, mafuta peke yake ni sarafu 90 kwa mtumbwi. Mtawala wa kambi hiyo si nahodha wala tajiri mwenye mitumbwi; ni muuza mafuta kwa mkopo. Hukumbuni wewe, kanuni zenyewe zimemleta.

Mkorogo wa kisa unaletwa na mvua. Dagaa hukauka kwa siku moja ya jua kali. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo wanaoza, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na deni la mafuta halilipiki. Zimwi la ziwani lisitokee kabla ya kikao cha tatu, na likitokea lifuate taa, kama dagaa.

Matukio ya njiani wengi huyapanga kwenye jedwali la dadu mbili za nyuso sita. Sawa, lakini hesabu. Saba ina nafasi 6 kati ya 36, mbili ina 1 tu. Kampeni ndogo, yaani vikao vichache vya kisa kimoja, yenye mirusho 12 ina uwezekano wa zaidi ya theluthi mbili kumalizika bila mbili kuonekana hata mara moja. Tukio linalobeba kisa likiwekwa pale, limezikwa. Liweke kwenye sita, saba au nane, na mbili umwachie kamongo mwenye meno.

Kuhusu majina: Bagika na Bagalu wabaki Usukumani. Chukua umbo, yaani vyama viwili vya ngoma vinavyocheza siku moja kwenye uwanja mmoja na kunyang'anyana watazamaji kwa ufundi na kwa dawa, kisha vipe majina yanayofanana na ya Melvaunt. Siku za mbalamwezi zinawafaa.

Fumbo ambalo waandishi wa mwanzo waliliacha wazi usilifumbue. Kuna meza nyingine ina jibu lake. Na mchawi mwenye nguvu kuliko wachezaji asikae kambini, maana swali la kwanza la mezani litakuwa kwa nini hakuzuia mvua.

Ukitaka kuuza, angalia leseni mapema. Kanuni za msingi, SRD 5.1, ziko chini ya Creative Commons tangu Januari 2023, ila Moonsea na Selûne hazimo. Kwa dunia yenyewe kuna DMs Guild, soko la mtandaoni lililofunguliwa 2016: mwandishi hupata nusu ya bei, na kazi hiyo huruhusiwi kuiuza kwingine. Asiyetaka sharti hilo abadilishe majina na apige upya hesabu ya mwezi.

Jaribio lifanywe na mwendesha mchezo mwingine, wewe ukiwa kimya pembeni na kalamu. Andika kila ukurasa anaourudia mara mbili. Mara nyingi huwa ni ule wa madeni, na dawa yake ni jedwali dogo lenye safu tatu: anayedai, anayedaiwa, na tarehe.