Besimenti ya Brampton na lawama za wageni

Jamani mi nimeingia Brampton hapa Kanada 2022, nikapata chumba besimenti (chini ya nyumba, nusu ardhini) dola 750 kwa mwezi, jiko na choo tunashea watu watano. 2023 mwenye nyumba kaja anataka 950, namuuliza vipi tena, ananijibu kama hutaki wanafunzi wako foleni. Na kweli walikuwepo, mwaka ule nchi ilifikisha watu milioni 40 na wengi wetu tunashukia huku huku karibu na Toronto, nyumba zenyewe zinajengwa kwa mwendo wa kinyonga.

2024 serikali ikabana, wanafunzi wa nje wakawekewa kikomo, lengo la wageni wa kupewa ukaazi wa kudumu 2025 likashuka toka 500,000 mpaka 395,000, basi matangazo ya vyumba yakajaa nikahamia cha 700 chenye dirisha (dirisha la kweli siyo lile la kuchungulia miguu ya watu).

Ila kazini wakisema wageni ndo wamepandisha kila kitu nachoka, kwenye kodi ya vyumba sawa kidogo, lakini bei ya kununua nyumba ilipaa kipindi cha korona riba iko chini na mipaka imefungwa kwa wengi, wageni wangapi waliingia?

Juzi yule mwenye nyumba kanitext, eti nirudi atanipunguzia 😂