Nilivyoziba maji ya omoni bila kumimina saruji

Ukiwa na mashua inayoingiza maji omoni, yaani sehemu ya mbele, kila mtu ufukweni ni fundi. Mmoja atakwambia umimine saruji, mwengine upake lami, mwengine uiuze tu. Mimi yote nimeambiwa hapa Mkokotoni, na ya saruji nilikuta tayari yamefanywa na aliyekuwa na mashua kabla yangu. Naandika kwa sababu sasa tunakwenda kuvua nje ya Tumbatu na kurudi ngama (pale chini ndani panapokusanyika maji) ikiwa kavu, na sikutoa hata robo ya fedha nilizotajiwa.

Mashua yenyewe ni ya futi 26 hivi. Maji yalikuwa yakikusanyika pale hanamu, mti wa mbele unaopanda juu, inapokutana na mkuku, mti mkuu wa chini, ndiyo maana kila aliyechungulia alinyoosha kidole hapohapo. Lakini ikilala nangani usiku kucha, asubuhi unakuta maji ya kopo tu. Tukitweka tanga tukaanza kubisha na kusi, yaani kwenda kinyume cha upepo, mpwa wangu hapumziki kufua maji. Tundu la chini halichagui wakati, huvuja usiku na mchana. Linalovuja chombo kikiinama tu liko juu, kwenye mbao zinazozama pale omo inapopiga wimbi. Halafu tuligundua jambo jengine: upepo ukitoka kushoto, mashua ikalalia kulia, maji yanakuja kwa wingi; tukigeuza tanga, yanapungua. Basi ni ubavu wa kulia, na ni juu.

Fundi niliyemwita hakutaka kusikia. "Nahodha, maji si haya hapa, unayaona kwa macho!" Akapiga magoti kwenye ule mwanya wa chini, karibu na mkuku, akaanza kugongea pamba. Aligonga asubuhi nzima. Mwanya ukijaa pamba, mlio wa nyundo hubadilika: mwanzo unasikika mzito na wa ndani, mwisho unakuwa mkali kama umepiga ubao mtupu, na hapo ndipo mkono unaposimama. Yeye hakusimama. Alizidisha juu ya pamba iliyokwishajaa, akabadilisha patasi akachukua nene zaidi, mpaka ubao ukanyanyuka kwenye taruma, mti wa ndani unaoshikilia mbao, kiasi cha unene wa kucha, na mwanya wa jirani, uliokuwa mzima kabisa, ukafunguka. Tulipoishusha majini ikavuja nangani pia. Akaniambia sasa dawa ni saruji, na fedha yake akaichukua kamili. Hasira niliyokuwa nayo siku ile bado ninayo.

Ile saruji ya mwenye mashua wa zamani niliivunja mwenyewe kwa tindo na nyundo. Chini yake mbao zilikuwa nyeusi, laini, ukibonyeza kwa kidole zinatoa maji. Misumari ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu ikabaki myembamba. Ubao hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa, na saruji haifuati. Pakibaki upenyo mdogo kati yake na ubao, maji ya chumvi yanaingia humo na hayatoki tena. Anayekumiminia saruji anakufichia uvujaji huku omo yako inaoza.

Sasa nilivyolipata tundu. Kuna wanaojaza mashua nzima maji ikiwa mchangani ili waone inapotokea. Usifanye. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo pipa moja la lita 200 ni kilo 200 zinazosukuma mbao kutoka ndani, na mbao zimepigiliwa kuhimili bahari inayosukuma kutoka nje. Mimi nilisubiri bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Unguja maji ya bamvua hutofautiana karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa, na hukauka kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo unapata kazi ya mchana kwa nafasi. Tukailaza ubavu wa kulia juu ya magadi, yaani magogo ya kuegemeza chombo, tukabakisha nafasi ya mtu kulala chali chini yake. Ikilala hivyo, kila nafasi kati ya taruma na taruma inakuwa kama hori. Nikaziba ncha za hori la kwanza kwa udongo wa mfinyanzi na matambara, na nje, upande wa chini, nikapaka chokaa nyeupe kuanzia kwenye hanamu mpaka taruma la nne.

Kisha nikaenda kwa shangazi yangu, ambaye husuka mikeka, nikamwomba rangi nyekundu anayochovyea ukili. Akaniuliza, "Mwanangu, unasuka mkeka wa nini wewe?" Nikamweleza, akanipa kopo zima, hakutaka malipo. Nikaikoroga kwenye ndoo ya maji, nikamimina kidogokidogo kwenye hori, hori moja kwa wakati, huku mpwa wangu amelala chini na tochi.

Hori la kwanza, kimya. La pili, kimya, nikaanza kuwa na wasiwasi. La tatu, hata nusu ndoo halijafika, akapiga kelele: "Ami, damu!" Nikaingia chini kuangalia. Juu ya chokaa palikuwa na tone jekundu linatoka kwenye kichwa cha msumari. Mwanya wa mbao ulikuwa mkavu! Likakua, likadondoka, likafuata jengine. Misumari mitatu ya ubao uleule ilikuwa hivyo, na hatimaye ncha ya ubao, pale inapoingia kwenye hanamu, ikatoa uzi mwekundu mwembamba. Yote hayo yako juu sana ya pale fundi alipopiga magoti. Maji yalikuwa yakiingilia huko, yakiteremka nyuma ya taruma, yakajitokeza chini.

Misumari ya zamani niliitoa kwa kuigonga kutoka ndani. Tundu nililipanua kwa keke, chombo cha kutobolea, mpaka unga wa mbao ukatoka wa rangi ya mti badala ya mweusi. Msumari mpya uwe mnene kuliko wa zamani, uliopakwa zinki, na chini ya kichwa uuzungushie pamba iliyochovywa mafuta ya nazi ili ukizama uzibe wenyewe. Ncha ya ndani niliikunja juu ya taruma. Kwenye hanamu nilikwangua pamba ya zamani kwa ndoana niliyoifua kutoka kwenye tupa kuukuu, nikasokota mpya pajani, nikagongea nikiusikiliza ule mlio. Juu yake nikapaka chokaa iliyokandwa na sifa, yaani mafuta ya papa. Ule ubao ulionyanyuliwa tuliurudisha, nikapunguza pamba yake, na chini kote tukapaka deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa.

Gharama kubwa ilikuwa misumari. Pamba na mafuta ni vijisenti, na mpwa wangu nilimlipa kwa samaki na nauli ya mjini.

Tulipoishusha, usiku wa kwanza ilitoa jasho. Usishtuke na usiongeze pamba, mbao zilizokaa juani lazima zinywe maji kwanza zivimbe. Kesho yake jioni ilikuwa imeacha. Miezi ya kaskazi, jua linapokausha mbao za juu, tunazimwagia maji ya bahari asubuhi na jioni, na tukiwa hatutoki tunafunika omo kwa makuti.

Na kwa nini ubavu wa kulia tu? Mwenyewe wa zamani alikuwa akining'iniza nanga upande huo, safari nzima inagonga ubao uleule, na alama za chuma bado zipo. Nanga sasa inalala ndani, juu ya gunia, na kamba yake inapita kwenye kipande cha mpira wa gari nilichopigilia ukingoni.