Kumbukumbu ya mradi: fanksheni za pamoja na kero ya CDPATH

Hatimaye skripti zangu zote za nakala rudufu zinachota fanksheni katika faili moja, ziwe zimeitwa na cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba), zimeitwa kwa mkono, au zimeitwa kupitia kiungo (symlink) kilichomo ~/bin. Ninaandika furaha ikiwa bado mbichi, kwa sababu kilichonichelewesha hakikuwa fanksheni zenyewe, bali swali linaloonekana dogo: skripti itajuaje folda iliyomo?

Mashine yangu ni ya Debian (mfumo wa Linux), ambayo tangu toleo la 6.0 la mwaka 2011 hutumia dash, sheli ndogo, kama /bin/sh, yaani sheli ya kuendeshea skripti. Ndani yake zimo nakili-picha, safisha-logi na angalia-diski, na kila moja ilibeba nakala yake ya andika_logi, shika_kufuli na sitisha. Kila niliporekebisha shika_kufuli katika skripti moja, nyingine zilibaki na ile ya zamani. Nikazihamishia zote kwenye msingi.sh, nikawa ninaiita kwa nukta (amri ya kupakia faili ndani ya skripti), kwa kuwa nukta ndiyo iliyomo katika POSIX, kiwango cha sheli za Unix, na dash haina source, jina la bash kwa amri hiyohiyo.

Mstari wa . ./msingi.sh haukuweza kusimama chini ya cron, kwa maana cron huanzia kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, na ./ hufuata mahali mtu aliposimama, si mahali skripti ilipo. Nikaweka mistari ambayo wengi wetu tunayo, inayoipata folda ya skripti kutoka $0 (njia iliyotumika kuiita) kisha kupakia faili iliyomo:

folda=$(cd "$(dirname "$0")" && pwd)
. "$folda/msingi.sh"

Hapo ndipo ilipoanza kero yenyewe, tena kinyume cha mazoea. Kwa kawaida skripti hufanya kazi kwenye terminali ikagoma chini ya cron. Hii ilitulia kabisa chini ya cron, ikagoma kwenye terminali, na si kila mara. Nikiandika sh ./kazi/nakili-picha, ilikubali. Nikiandika njia kamili kuanzia mzizi, ilikubali. Nikiingia ndani ya folda ya kazi na kuiita kutoka hapo, ilikubali vilevile. Lakini nikiandika sh kazi/nakili-picha nikiwa folda ya nyumbani, dash ililalamika kwamba haiwezi kufungua faili, na njia iliyotajwa katika ujumbe huo ilikuwa imevunjika katikati na kuendelea mstari wa pili.

Nilianza na set -x, inayoonyesha kila amri inapotekelezwa, ambayo ilinionyesha njia ileile iliyovunjika bila kunieleza sababu. Kilichofichua mambo ni kupitisha kigeu kwenye od, inayoonyesha kila herufi iliyomo:

printf '%s' "$folda" | od -c

Katikati ya matokeo kulikuwa na \n (alama ya mstari mpya): folda ilibeba njia ileile mara mbili, kila moja katika mstari wake. Chanzo ni CDPATH, orodha ya folda ambamo amri ya cd hutafuta, ambayo nimeitangaza kwa export katika mipangilio ya sheli yangu ili nihame folda kwa haraka. Njia inayopewa cd isipoanza kwa mkwaju, nukta moja au nukta mbili, cd hutafuta kwanza katika CDPATH, na ikiipata folda huko huichapisha. Uchapishaji huo ulinaswa na $(...), ambayo hukusanya kila kinachochapishwa, pamoja na matokeo ya pwd. Cron haikuwa na CDPATH katika mazingira yake, ndiyo maana haikuguswa. Jambo la hatari zaidi ni kwamba CDPATH ingeweza kuipeleka cd kwenye folda nyingine kabisa yenye jina lilelile la kazi, na skripti ikapakia msingi.sh wa mradi mwingine bila kulalamika.

Dawa ni kuifuta CDPATH kwa amri hiyo moja tu:

folda=$(CDPATH= cd -- "$(dirname -- "$0")" && pwd -P)

Ilibaki habari ya viungo vya ~/bin, kwa maana hapo $0 hutaja kiungo na si faili halisi. Nilikuwa nimeshaanza kuongeza readlink -f, inayofuata kiungo hadi faili halisi, nilipokumbuka namna Git (mfumo wa kutunza matoleo ya programu) inavyofanya: skripti zake za sheli huita . git-sh-setup bila njia yoyote, kwa sababu nukta ikipewa jina lisilo na mkwaju huitafuta faili katika PATH (orodha ya folda za kutafutia amri), na faili hiyo haihitaji hata ruhusa ya kutekelezwa. Nikafuta mistari yote niliyoihangaikia, nikaiweka msingi.sh ndani ya ~/bin, na sasa kila skripti ina mstari mmoja tu:

. msingi.sh

Katika crontab (faili la ratiba za cron) niliandika PATH=/home/mimi/bin:/usr/bin:/bin kwa ukamilifu wake, kwa kuwa cron ya Debian haifumbui $HOME katika mistari ya namna hiyo. Jina la faili nalo lataka uangalifu, maana anayeiita maktaba yake test anaweza kujikuta akipakia /usr/bin/test.

Katika kazi hii ninaipenda dash kuliko bash, sheli kubwa inayotumiwa na wengi. Nukta ikikosa faili, dash husimamisha skripti papo hapo, ilhali bash katika hali yake ya kawaida huendelea, na bila || exit 1 unaweza kufika kwenye rm ukiwa huna hata sitisha. Wapo wanaopendekeza export -f ili skripti zirithi fanksheni, lakini hiyo ni ya bash, na huipitisha fanksheni kama maandishi katika mazingira. Mlango huohuo ndio uliozaa Shellshock, kasoro ya usalama ya bash ya Septemba 2014. Siutaki katika mashine inayotunza picha za familia.

Nilikusudia kuigawa msingi.sh katika faili za logi, kufuli na diski, lakini mpango huo nimeuacha. Kwa kuwa fanksheni zote sasa ziko mahali pamoja, ninaandika amri moja iitwayo akiba, yenye case "$1" itakayochagua kati ya nakili, safisha na angalia. Tawi la nakili linafanya kazi tayari, na safisha linasubiri nikamilishe shika_kufuli kwa kutumia flock, amri ya kuweka kufuli kwenye faili.