Siku moja maishani mwangu: mimi naseti rilei, siji kupandisha namba

Saa kumi na mbili asubuhi niko steji Kisauni na mahamri yangu kwa mfuko, daraja la Nyali lishaanza kujaa magari. Saa mbili hivi nishafika Changamwe, nishasaini kwa mlinzi, niko ndani ya kiwanda.

Watu wakisikia injinia wa stima wanafikiria nguzo na ngazi. Mimi kazi yangu ni kupiga hesabu shoti ikitokea mahali fulani itavuta ampea ngapi, alafu niiambie rilei, ile boksi ya kwa paneli inayoamrisha breka, ikate lini na ivumilie lini.

Saa mbili mpaka saa nne zimeishia kwa transfoma. Kibao chake kimeliwa na chumvi ya bahari, nimekisugua na brashi ya waya taratibu mpaka maandishi yakaonekana: 1000 kVA, volti 11,000 kwenda 415, impidansi (yaani jinsi transfoma yenyewe inavyoizuia shoti) asilimia 5. Hiyo 5 ndo kila kitu. Mzigo kamili wa hii transfoma upande wa 415 ni kama ampea 1,390, ukigawanya kwa 0.05 unapata ampea za shoti karibu 27,800, ukiweka na udhaifu wa laini inayoileta stima inashuka mpaka 26,000 hivi. Upande wa juu, ule wa volti 11,000, shoti hiyohiyo inaonekana kama ampea elfu moja tu. Rilei yao ilikuwa imesetiwa ikate papo hapo kwa ampea 800! Sasa hapo shoti yoyote kubwa ya huku chini kwa 415 inazima kiwanda kizima kabla breka ya chini haijapata hata nafasi ya kufanya kazi yake.

Saa nne na nusu meneja akaja.

"Dada, hii kitu juzi usiku imenizimia kila mashine sababu ya kompresa moja. Si uipandishe tu mpaka mwisho iache kusumbua?"

Nikamwambia bosi, nitaipandisha, lakini mpaka hesabu ifike, si mpaka mwisho. Akasema aliyekuja kabla yangu alimaliza kwa dakika kumi. Nikamchorea kwa karatasi, nikamwonyesha 1,050, ambayo ni ile 27,800 ikionekana kwa upande wa juu, mara 1.3 unapata 1,365, tunaweka 1,400, shoti ya chini haitaigusa, na shoti ya huku juu kwa volti 11,000 yenyewe ni ampea 13,000 kwa hiyo itakatwa hapo hapo, lakini ukiiweka mwisho kabisa utafika siku kebo inaungua na rilei inaangalia tu. Akaitikia kwa kichwa, akatoka, akarudi na mhasibu, tukaanza upya, mhasibu naye anauliza kwani haiwezi kuzimwa kabisa hiyo rilei, simu ya meneja inalia katikati ya sentensi, chumba cha swichi hakina feni, jasho linadondoka kwa laptopu, na mimi bado sijapewa ruhusa ya kuzima stima nianze majaribio. Hiyo ruhusa nimeingoja mpaka adhana ya adhuhuri ikapita na wafanyakazi wakatoka kula. Mimi sijala.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Mbali na ile 1,400 ya papo hapo, nimeweka mwanzo wa kukata kwa kungoja ampea 60, ambayo kwa CT (kifaa cha kupunguza ampea ili rilei izipime) ya 100 kwa 1 ni 0.6, nikaingiza 1.2 kwa mashine ya majaribio, rilei ikakata kwa sekunde 2 kama hesabu ilivyosema. Hapo moyo unatulia, wallahi. Kwa shoti ya chini itangoja karibu nusu sekunde, breka kubwa ya 415 ikate kwanza kwa sekunde 0.2. Alafu nikafuata kebo ya ile kompresa kwa miguu mpaka mwisho wake, maana hesabu si ya shoti kubwa tu, kebo ikiwa ndefu na nyembamba shoti ya mwisho wake inakuwa ndogo, na breka yake lazima iione hata hiyo. Inaiona.

Stima ikarudi jioni jioni. Meneja akasaini karatasi ya seti mpya bila kuisoma, akaniuliza kama nikija tena naweza kumwangalizia na paneli ya jenereta. Nikamwambia sawa bosi, nipigie picha ya kibao chake kwanza, kisuguliwe vizuri.